Maswali ninayoulizwa kila siku: mimba, mzazi, mtoto na mgonjwa wa nyumbani, kwa sisi tunaoishi visiwani

Mimi ni nesi. Nimezunguka wodi ya wazazi, ya watoto na ya watu wazima hapa Amu, yani Lamu, alafu miaka mingine nikawekwa zahanati za huko Pate, na kusema kweli maswali hayabadiliki, nikipita Mkomani naitwa "sista hebu njoo", nikifika Langoni naulizwa lilelile. Sasa nimeyaandika yote mahali pamoja. Kitu kimoja tu ujue kabla hujaanza kusoma: vitabu vyetu vya unesi vimeandikwa kama vile hospitali iko ng'ambo ya barabara. Kwetu kati ya mgonjwa na daktari kuna maji, na maji yana saa zake. Kwahivo kila palipo na hatari nitakwambia wazi, hili ni la kungoja asubuhi, hili ni la kushuka gatini saa hii kupanda boti ya hospitali.

Nimekosa siku zangu, kliniki nianze lini?

Mapema, kabla miezi mitatu haijaisha. Najua kuna wanaoficha mimba mpaka tumbo lionekane kwa kuogopa kijicho, sikulaumu, lakini nesi hana kijicho dadangu, ana daftari. Tangu 2016 shirika la afya duniani linataka mama aonekane mara 8 mpaka ajifungue, ile hesabu ya zamani ya mara 4 imepitwa. Siku ya kwanza utatolewa damu kuangalia grupu, wingi wa damu, kaswende na HIV, utapimwa presha na mkojo, alafu utapewa kile kitabu cha mama na mtoto. Kitabu hicho usikiache nyumbani hata ukienda harusini Shela, maana uchungu hauulizi uko wapi, na nesi atakayekupokea usiku hakujui, anasoma kitabu.

Vile vidonge vya kuongeza damu vinanifunga choo, niviwache?

Usiviwache. Choo kuwa cheusi ni kawaida, ni ile chuma ndani ya kidonge. Kunywa maji mengi, kula papai, na kidonge ukimeze na maji ya ndimu au embe, sio na chai. Hapo kwenye chai ndipo tunapoharibu, watu wa pwani chai asubuhi chai alasiri, na chai au kahawa inazuia ile chuma isiingie mwilini, kwahivo ikae mbali na kidonge kama saa moja au mbili. Kichefuchefu kikizidi meza usiku wakati wa kulala. Mama mwenye safura akimwaga damu kidogo tu wakati wa kuzaa anaanguka, mwenye damu ya kutosha anavumilia kidogo, na huo uvumilivu ndio unaompa boti muda wa kufika.

Siumwi malaria, mbona napewa vidonge vitatu kwa mpigo?

Hiyo ni SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, huku pwani tunapewa kwa sababu mbu hawatuachi. Inaanza ukivuka wiki 13 na inarudiwa kila baada ya wiki nne au zaidi mpaka uzae. Vijidudu vya malaria vinajificha ndani ya kondo la nyuma, mama anajiona mzima na huku mtoto ananyimwa chakula, anazaliwa na kilo mbili. Ila kama unatumia septrin kila siku, au uliwahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa dawa za salfa, sema kabla hujameza. Na neti ni palepale, SP sio badala ya neti.

Miguu imevimba, ni mimba tu au ni presha?

Miguu peke yake jioni, ukilala ikashuka, mara nyingi ni mimba tu na joto letu. Uso ukivimba asubuhi, vidole mpaka pete haitoki, kichwa kinauma sana na panadol haikitulizi, unaona vimulimuli, au unaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu upande wa kulia, hapo shuka gatini. Usingoje asubuhi.

Hili nitalikalia kidogo kwa sababu limenitesa. Presha ya 140/90 kwenda juu baada ya wiki 20, na mkojo una protini, ndio mwanzo wa kifafa cha mimba. Mama akifika kule kwenye kifafa anadondoka, anatetemeka, povu mdomoni, na kwetu sisi mtu akidondoka hivo neno la kwanza ni jini. Nishawahi kupokea mwanamke aliyekuwa ameumwa kichwa siku tatu nyumbani, amesomewa, amefukizwa, ameletwa tayari ameshapata dege mara mbili. Mumewe ananambia "sista tulidhani ni mashetani yake ya zamani". Sina ugomvi na kisomo mimi, mwenyewe nimelelewa nacho, lakini kisomo kinaweza kusomwa ndani ya boti pia. Dawa tuliyonayo ni magnesiamu salfeti, inachomwa kuzuia dege lisirudi, alafu tiba yenyewe hasa ni mtoto kutoka. Na watu hawajui hili: kifafa kinaweza kuja hata baada ya kuzaa. Mzazi wa siku tano anayelia kichwa na macho yana kiwi asiambiwe ni uchovu, apimwe presha.

Tuko Kizingitini, kisiwani Pate, uchungu ukianza tutoke saa ngapi?

Mjini wanaambiwa ngoja uchungu uje kila dakika tano. Wewe usiingoje hiyo. Ukiona uchungu umeshika mpangilio, yani unakuja, unaenda, unarudi kwa zamu na kila ukirudi umezidi nguvu, hesabu maji. Kuna saa maji yakipwa boti haipiti ule mkondo wa Mkanda, na kusi likivuma nahodha mwenye akili haendi nje usiku. Kwahivo mimba ya kwanza, pacha, mtoto aliyekaa matako, aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kumwaga damu, mwenye presha, hao wote nawaambia hamia kwa jamaa zako karibu na hospitali wiki mbili kabla ya tarehe, iwe Amu, iwe Faza, iwe Mpeketoni, kutegemea kile daktari alichokuandikia. Kila mtu visiwani ana shangazi Amu, hata kama hamjaongea tangu mgao wa nazi.

Chupa ikivunjika tazama saa uandike, na tazama rangi. Maji meupe bila harufu bado una nafasi lakini anza safari, yakipita masaa 18 mtoto hajatoka hatari ya kuingiliwa na vijidudu inapanda. Maji ya kijani ina maana mtoto ameshapata haja ndani, hapo haraka. Damu mbichi inayotoka kama hedhi au zaidi, mtoto kuacha kucheza, au kitovu kutangulia kutoka, hayo ni ya kuamsha nahodha.

Mkunga wetu wa mtaani amezalisha watu wengi, kwani yeye hafai?

Anafaa kumshika mkono, kumsugua mgongo, kumletea uji, kumfuata mpaka wodini, na mimi napenda akija. Asichokuwa nacho ni dawa. Damu ikizidi nusu lita baada ya kuzaa, yani kama chupa ndogo ya maji, tayari ni hatari, na mwili unaweza kumwaga kiasi hicho kwa muda wa kumenya chungwa tu. Sisi tunachoma oksitosini yuniti 10 pajani ndani ya dakika moja mtoto akishatoka, kizazi kinajikaza. Hiyo dawa inataka friji, digrii 2 mpaka 8, ndio maana ukisikia nesi analalamika stima imepotea zahanati usidhani analilia feni. Kondo la nyuma lisipotoka kwa nusu saa, hospitali, na lisivutwe. Na zile dawa za miti za kuharakisha uchungu jamani msimpe mtu, kizazi kinaweza kupasuka mtoto akiwa ndani, nimeona, sitaki kuona tena.

Mzazi akandwe? Mkaja je? Na uji wa pilipili manga?

Uji wa pilipili manga anywe, mwingi, na mchuzi, na samaki, na maji. Asinyimwe kitu. Kukandwa na maji ya moto mgongoni na miguuni sina neno ikiwa anayekanda anaanza kuyapima kwa kiwiko chake mwenyewe, nimefunga vidonda vya moto vya mzazi zaidi ya mara moja. Aliyepasuliwa tumbo lake lisiguswe, aliyeshonwa chini asikalishwe juu ya mvuke wala asitiwe kitu ndani, maji safi ya vuguvugu ya kuoshea yanatosha. Mkaja ufungwe wa kushikilia tu, sio wa kumfanya apumue kwa juu, na kizazi hakirudishwi na mkaja, kinarudishwa na mtoto akinyonya, kila akinyonya kinajikaza, ndio yale maumivu mnayoita chango.

Ninachogombana nacho ni chetezo. Chumba kimefungwa, pazia, makaa ya moto, udi na ubani, na kichanga ndani. Harufu nzuri naipenda kama nyote lakini yale makaa yanatoa gesi isiyo na harufu inayolaza mtu asiamke. Fukizeni leso nje kisha mzileteni.

Siku arobaini kukaa ndani hazikatazwi, ila mama na mtoto waonekane na nesi ndani ya masaa 48, tena wiki ya pili, tena wiki ya sita. Na wiki ya sita ni siku 42, kwahivo mkitoka arobaini njia ya kwanza iwe kliniki, alafu ndio mzunguke kwa mabibi kuonyesha mtoto.

Asali na tahniki, ile ya kumpaka kichanga tende mdomoni?

Naulizwa hili kwa kunong'ona kama vile nitamripoti mtu. Asali hapana, mpaka afike mwaka, sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa linavimaliza lakini la kichanga haliwezi, vinatoa sumu inayolegeza mwili mzima mpaka pumzi. Tende, msimamo wa kazi yangu ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Mkishaamua kufanya sunna basi anyonye kwanza, mikono ioshwe kwa sabuni, iwe ni kupaka utamu tu kwenye ufizi bila nyama ya tende kuingia kooni, na anayefanya asiwe na kifua wala kidonda cha mdomo. Mkato wa maneno ndio huo.

Maziwa hayajatoka, tumpe glukosi au maji?

Yametoka, hujayatambua tu. Ile dang'a ya manjano nzito kidogo kidogo ndiyo chakula chake na ndiyo kinga yake ya kwanza, usiikamue ukaimwaga. Tumbo lake siku ya kwanza linajaa kwa kijiko kimoja cha chai. Mweke kifuani ndani ya saa ya kwanza, ngozi kwa ngozi, anyonye mara 8 mpaka 12 kwa siku usiku na mchana, maziwa mengi yanashuka siku ya pili mpaka ya tano. Kujua anashiba hesabu mikojo, ikifika wiki moja iwe sita au zaidi kwa siku. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida lakini isipite sehemu moja ya kumi, na arudi uzito wake kwenye wiki mbili.

Maji hapana, hata kaskazi lile la Februari ukuta unapotoa jasho. Maziwa yako karibu yote ni maji. Ukitoka kwenda kazini kamua, yanakaa masaa kama manne kwenye kivuli chumbani, kwenye friji siku nne, na mpe kwa kikombe, chupa za chuchu kuziosha vizuri ni kazi nyingine.

Na ukiwa unaishi na virusi vya HIV unanyonyesha vilevile huku unameza dawa zako kila siku, na mtoto anapewa zake, usibadilishe kitu bila kuuliza kliniki.

Kitovu nipake nini?

Ile jeli ya klorheksidini unayopewa hospitali, au usipake kitu kabisa. Mate hapana, jivu hapana, majani hapana, mafuta ya nazi hapana hata kama ni ya kukamua nyumbani. Kinaanguka kwenye wiki moja au mbili. Wekundu unaosambaa kwenye ngozi, usaha, harufu, au mtoto kukataa titi, ni gatini. Kichanga aliyekuwa ananyonya alafu taya zikafunga na mwili ukakaza, hiyo ni pepopunda, na ndio maana tunawachoma mama wajawazito.

Mtoto amekuwa manjano, tumuanike jua?

Manjano iliyoanza siku ya pili au ya tatu usoni na kifuani, ananyonya vizuri, analia vizuri, apelekwe mchana aangaliwe. Manjano iliyotokea kabla hajatimiza masaa 24, au iliyofika viganjani na nyayoni, au mtoto amelegea hanyonyi, ni saa hii, inaweza kupanda kwenye ubongo akapoteza kusikia au akapooza. Jua la asubuhi sio dawa ya hiyo, dawa ni ile taa ya buluu hospitalini, na zaidi ni kunyonya.

Sasa niambieni nguo za kichanga mmezitoa wapi. Zimetoka kwenye sanduku la bibi zikiwa na zile tembe nyeupe za nafthalini? Kuna watoto wengi pwani wamezaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinaitwa G6PD, huwajui kwa sura, na hao wakivaa nguo zenye nafthalini chembe zao za damu zinapasuka, manjano inapanda ghafla. Leso za mtoto zifuliwe, zikauke juani, zikae mbali na tembe hizo.

Wanja?

Mwingi wa kununua una madini ya risasi, inaingia mwilini na kuharibu akili ya mtoto. Mtoto usimpake.

Chanjo ni zipi na nikichelewa?

Akizaliwa BCG, ile ya kifua kikuu, na matone ya polio. Wiki 6, 10 na 14 ni polio, Penta na ya nimonia, pamoja na matone ya rota ya kukinga kuharisha, na hapo wiki ya 14 sindano ya polio inaongezwa. Miezi 6 vitamini A, kisha kila nusu mwaka mpaka atimize miaka 5. Miezi 9 surua na rubela, na miezi 18 inarudiwa, hii ya pili ndio mnayoisahau sababu mtoto ameshakimbia na kliniki mmeichoka. Penta moja inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na ugonjwa mmoja wa uti wa mgongo na mapafu. Kidonda kidogo cha BCG mkononi ni kawaida, usikitumbue usipake kitu. Homa ya siku moja mbili baada ya Penta ni kawaida pia. Ukichelewa njoo, hatuanzi upya, tunaendelea pale ulipoachia, na nesi akikugombeza basi pokea tu alafu mtoto achanjwe.

Homa imempanda usiku, nifanye nini?

Umri wake kwanza. Chini ya miezi miwili homa yoyote ni gatini. Zaidi ya hapo mvue nguo nzito, mpe titi, au maji kama ameshapita miezi sita, na parasetamoli kwa kilo zake sio kwa umri. Ile ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 10 ni mililita 5 mpaka 6, kila masaa 6, isipite mara 4 kwa siku. Tumia sirinji, vijiko vya nyumbani kila kimoja kina ukubwa wake. Aspirini usimpe mtoto. Na usimmwagie maji baridi ya birika, atatetemeka na joto lizidi ndani.

Parasetamoli haitibu malaria, kesho apimwe kidole. Akikutwa nayo dawa ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili masaa 8 baada ya ile ya kwanza alafu asubuhi na jioni, pamoja na kitu cha mafuta, maziwa au tui la nazi, bila mafuta haiingii vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa mrudishie dozi. Homa ikishuka siku ya pili msifiche vidonge vya kubaki kabatini kwa ajili ya mdogo wake.

Akishikwa na dege mlaze ubavu, legeza nguo, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimnuse kitunguu, usimpake mafuta taa. Mabibi wanasema nyuni, yani shetani wa watoto, mimi nasema mara nyingi ni homa, watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 homa ikipanda ghafla wanashikwa na wengi wanaamka wazima. Lakini likizidi dakika tano, likirudi siku hiyohiyo, asipoamka vizuri, au shingo imekaza, twende, inaweza kuwa malaria kali au uti wa mgongo.

Anaharisha, madafu yanatosha?

Madafu ni mazuri yana potasiamu, ila chumvi yake ni ndogo, na anachopoteza huyo ni chumvi. Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, soma pakiti maana nyingi ni za nusu lita, chini ya miaka 2 mpe mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, mkubwa wake 100 mpaka 200, kwa kijiko polepole, akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Ikipita masaa 24 mwaga. Na zinki kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14, chini ya miezi 6 nusu yake, hata kama ameshapona. Titi liendelee na chakula kiendelee.

Jambo la kwetu sisi: maji ya kuchanganyia. Visima vingi vina chumvi, ukichanganya ORS na maji ya kisima cha chumvi unamzidishia chumvi mtoto aliyekauka, ni hatari. Tafuta maji matamu, ya Shela au ya mvua kutoka jabiani, yani kwenye tangi la mvua, yachemshe, yapoe. ORS ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kupanguswa sawa, kwenye lita moja ya maji hayohayo matamu. Macho yakizama, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi haraka, hakojoi, damu kwenye choo, au hawezi kunywa kabisa, usihesabu tena pakiti, toka.

Anakohoa, nitajuaje ni nimonia?

Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, fulana imepandishwa. Chini ya miezi miwili 60 au zaidi ni mbio, miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka mpaka miaka mitano ni 40. Kifua kikiingia ndani chini ya mbavu kila akivuta, au midomo imegeuka rangi, anahitaji oksijeni na haiko nyumbani kwa mtu.

Kimeo kikatwe? Na meno ya plastiki?

Hapana na hapana. Hayo "meno ya plastiki" ni meno yake ya kweli hayajatoka. Wembe ule unamletea damu, pepopunda na mengine.

Babu amepooza, tunamuuguza nyumbani, vidonda vimeanza

Mgeuze kila masaa mawili, mchana na usiku, andikeni zamu ukutani la sivyo kila mtu atadhani mwenzake amemgeuza. Ubavu kidogo, mto mgongoni, mto kati ya magoti, visigino vining'inie visiguse godoro. Kitanda cha kamba bila godoro nene kitamchuna. Pale palipokuwa pekundu usipasugue, mkisugua mnaua nyama ya chini iliyobaki. Akijikojolea asafishwe akaushwe papohapo. Msimburute, muinueni kwa shuka watu wawili.

Kula akae wima, kidevu kimeelekea kifuani, vijiko vidogo upande wa mdomo usiopooza, na abaki amekaa nusu saa baadaye. Akipaliwa kila mara au sauti ikawa kama ina maji baada ya kumeza, msimlazimishe, chakula kinaingia mapafuni, aangaliwe. Mpira wa mkojo mfuko wake ukae chini ya kibofu lakini sio sakafuni, na msiuchomoe kuuosha.

Nina sukari, nifunge Ramadhani?

Njoo mwezi wa Shaabani tupange, sio siku ya tatu ya mfungo. Wanaotumia insulini, wajawazito wenye sukari na wenye figo mara nyingi tunawaambia wasifunge. Ukifunga endelea kujipima, kuchoma kidole hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 4 au ikipanda juu ya 16, fungua, hata kama adhana imebaki robo saa. Ikishuka ni vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, sio chapati. Insulini isiyo na friji ikae kwenye mtungi wa udongo wenye unyevu, kivulini, na ile uliyoifungua ina siku 28 tu.

Mbona manesi mnapima pima tu hata mtu amelala?

Kwa sababu mwili unasema kabla mtu hajasema. Mtu mzima pigo 60 mpaka 100, pumzi 12 mpaka 20, joto 36.5 mpaka 37.5, oksijeni 95 kwenda juu. Pumzi ndiyo inayoharibika mwanzo na ndiyo wengi wanaipuuza, hata sisi wenyewe, kuna wodi zina watu wanaoandika 18 kwa kila mgonjwa.

Punda anaweza kumbeba mama mwenye uchungu mpaka gatini?

Asiwekwe juu ya punda. Hatua ya punda inamtikisa, na akianguka pale vichochoroni tumepata kazi mbili. Akiweza kutembea atembee polepole, uchungu ukija asimame aegemee ukuta. Asipoweza, mkokoteni wa hamali wenye godoro, au kitanda vijana wanne. Alale ubavu wa kushoto, leso mbili safi chini yake, moja ya kumfunikia mtoto ikiwa atatokea njiani, na mtu mmoja atangulie mbio amwambie nahodha awashe injini.